Makaroni ya Weusomi

Jumatatu, 13 Novemba

Mwalimu mwenzangu Broadnax kastaafu! Karudi kwao Georgia, kaacha kiti wazi. Si cha ualimu, hicho chuo watajua wenyewe. Cha makaroni.

Sisi Weusomi, walimu weusi wa chuo hiki, tuko saba. Kila Novemba tunakula kwa Profesa Pettway wa Historia, kila mtu na chungu chake, na makaroni ya jibini, chakula cha heshima kwetu Wamarekani weusi, haipikwi na yeyote tu. Miaka mitatu sasa mimi naagizwa barafu na sahani za karatasi. Dokta mzima wa kemia! Nimeandika barua pepe kuomba nafasi.

Jumanne, 14 Novemba

Profesa kajibu. Anataka wasifu wangu wa mapishi na wadhamini wawili. Nilidhani utani. Lavinia wa Sheria akasema utani wapi — yeye saladi ya viazi alikabidhiwa mwaka wa saba. Kanionya pia: Profesa hamsemi mpishi vibaya. Chakula kikimshinda, anasifia sahani. Hapo wote wanajua, hakuna anayekigusa tena.

Jumatano, 15 Novemba

Nimekubaliwa! Kwa majaribio.

Idara wamenipiga picha ya bango tena. Ya nne hiyo. Nimeshika chupa ya maji ya buluu, natabasamu — kemia gani hiyo? Mweusi idara nzima ni mimi tu. Kwa Profesa ndipo pekee sihitaji kujieleza. Ile meza naitaka. Naitaka kweli.

Nimempigia mama, Alabama. Jibini gramu ngapi? Akasema anayeuliza gramu hajafikia umri wa kupika, arudi kwenye barafu.

Ijumaa, 17 Novemba

Jaribio la kwanza: kavu. La pili: uji. La tatu nimepima kwa mizani ya maabara, nikanyunyiza chenga za mkate juu. Nilipomwambia mama akauliza chenga za mkate zinafuata nini kwenye makaroni. Nimezibandua zote kwa kijiko. Saa nzima.

Jumamosi, 18 Novemba

Niko msalani kwa Profesa. Nimejifungia. Makaroni iko mezani. Nilimwona akichota, akitia mdomoni, akifumba macho. Nikakimbia.

Lavinia kagonga, anauliza nimezaa huko ndani au vipi. Nimesingizia tumbo.

Sasa Profesa — kwa sauti, nyumba nzima isikie: jamani, sahani za mwaka huu nzuri mno, kaleta nani?

Basi. Kwisha habari yangu. Barafu mpaka nistaafu. Machozi yananilengalenga, na mimi mtu mzima.

Nimefungua mlango kidogo, nachungulia. Wote wamehamia kwenye kuku. Makaroni haipo mezani. Profesa kaenda nayo jikoni, peke yake, mlango wazi, namwona. Anaangalia kushoto. Anaangalia kulia. Anavuta karatasi ya foili, ndefu. Anafunika bakuli zima. Sasa anafungua kabati la juu, anasogeza masufuria, analificha nyuma yake, analamba vidole —