Mimina, Patroni

Kamenge, tarehe 2 Machi 2025

Kwako mutoto wangu Vainqueur,

Nakusalimia mu jina la Bwana. Uko namna gani huko Rumonge? Mukono unaendeleaje, vidole vinajikunja ao bado? Shangazi yako Irène anakupa chakula ya kutosha, ao anakuhesabia vijiko kama kawaida yake? Hapa tuko wazima. Dada yako Amélie anakusalimia, mvua inatupiga kila siku, na mi mwili hauna shida. Ni roho tu njo inawaka.

Barua hii nampa Tajudini, dereva wa basi, akufikishie mukononi. Usinipigie simu juu ya haya mambo. Kuta za Kamenge ziko na masikio, na mambo ya kisasi haisemwi kwa sauti.

Ndiyo, nimeandika kisasi. Usinihubirie. Pastori amekwisha kunihubiria, nikamuitikia amina juu ya adabu. Jana nilikwenda mtaa wa Asiatique kununua mafuta ya kukaangia ndagala zangu, hizi samaki ndogo ninazouza, nikapita mbele ya duka ya yule patroni wako, Bonfils. Alisimama na wateja, tumbo mbele, anacheka. Mvuvi mumoja akauliza: yule kijana aliyekuwa anakutengenezea chambo za mpira, alikwenda wapi? Bonfils akajibu: "Yule mulevi? Alikuja kazini na pombe kichwani, akajimwagia plastiki ya moto. Nikamufukuza."

We! Mutoto ambaye hajaonja hata bia ya arusi! Sasa nimeelewa kwa nini hakuna mutu anakupa kazi tangu siku ile. Mukono uliungulia kwake, akaona haitoshi, akaunguza na jina.

Basi sikiliza. Nitatengeneza chambo za mpira hapa nyumbani. Chambo ile inaiga ndagala, na ndagala mi ninakaanga tangu haujazaliwa. Ya Bonfils iko na kichwa kama ya mbuzi. Nitamunyang'anya wateja mumoja mumoja mpaka aje mwenyewe kunitafuta, na siku hiyo atasema ukweli mbele ya watu. Nifundishe kazi yote, usinifiche kitu.

Mama yako


Rumonge, tarehe 9 Machi 2025

Mama mupenzi,

Shikamoo mama. Nimefurahi kusikia muko wazima. Mi niko vizuri, vidole viwili vinajikunja, vile vingine bado vinakataa. Unisamehe mwandiko, ni wa mukono wa kushoto. Shangazi anakusalimia, na vijiko kweli anahesabu.

Nilipoona neno kisasi nilitaka kuchana barua. Lakini nakujua: ukisema utapika, utapika hata bila chungu. Heri nikufundishe kuliko ujiunguze.

Enda Buyenzi kwa Hamimu, atakuchongea kalibu za alumini za kumiminia chambo na atakuuzia plastiki yenyewe. Iko mu kidumu, nyeupe kama maziwa. Tumia ile tu. Mutu akikuambia uyeyushe kandambili kuukuu ao beseni, mufukuze. Moshi yake ni sumu, na mi sitaki kukuzika juu ya kandambili.

Usifanyie kazi ndani ya nyumba. Kaa uani, upepo utoke mugongoni kwako upeleke moshi mbali. Kitambaa puani ni bure, hata maske ya hospitali. Tafuta ile ya mafundi wanaopulizia magari rangi, yenye vichujio viwili. Na mbabula apana, mama! Makaa huwezi kuyapunguza ukitaka, na moto unaweza kurukia plastiki. Tumia resho ya umeme, na uweke termometa ndani. Ikikaribia digrii mia moja sabini na tano, ile maziwa inageuka laini na inaangaza, hapo mimina. Ikianza kuwa njano ao kutoa moshi, imepita: zima, rudi nyuma, usiinamie kuchungulia. Na ukoroge polepole. Ukikoroga kama ugali chambo zitajaa mapovu.

Vaa miwani ya kufunika macho yote, glavu za ngozi kama za wachomeleaji, na shati ya pamba yenye mikono mirefu. Nailoni inayeyuka na kushika ngozi. Viatu vya kufunika, si zile sapatu zako. Sufuria ya kazi hii isirudi jikoni tena, hata siku moja. Na plastiki ikikushika, usiivute. Weka maji baridi muda murefu, kisha hospitali. Bonfils aliivuta yangu, na ngozi ikaja nayo.

Lakini hayo maji yakae mbali na resho. Plastiki ya moto na maji ni maadui. Hilo nakuomba ulishike kuliko mengine yote.

Mutoto wako, Vainqueur


Kamenge, tarehe 30 Machi 2025

Mutoto wangu,

Salamu nyingi. Umeamka muzima? Kile kidole cha tatu kimekubali? Sisi tuko wazima, ingawa karibu nifukuzwe mu mtaa, ngoja nikusimulie.

Caritas, jirani yetu, alifiwa na baba mukwe. Unajua desturi yetu, kilio kikianza kila nyumba inatoa sufuria. Mi nilikuwa sokoni. Wakinamama wakapita, na Amélie, kwa roho yake nzuri, akawapa ile kubwa inayong'aa. Nafika kwenye kilio na kanga yangu ya huzuni, naangalia motoni, ni nini hii? Sufuria yangu ya plastiki, imejaa maharage! Mi ambaye sikimbii hata mvua, nilikimbia. Niliimwaga yote chini mbele ya wafiwa. Caritas akapiga kelele: "Mana yanje, Mungu wangu! Ameua maharage ya marehemu!" Ilibidi nieleze mpaka mate ikauke, kisha nikapika maharage mengine kwangu. Sasa ile sufuria nimeipaka rangi nyekundu kwa nje na kuitoboa juu, karibu na mudomo, hata mwizi hawezi kuipikia. Caritas amekwisha kucheka. Ananiita muchawi wa chambo.

Lakini kuna jambo lingine, na hili sikucheka. Chambo za kwanza zilitoka nzuri, zinacheza mukia kabisa. Basi we unanijua, mi na uchafu hatulali nyumba moja. Nikachukua kalibu, nikaiosha na sabuni kama sahani, nikaifuta. Nikamimina tena. Puu! Plastiki iliruka mpaka juu ya kichwa. Mukono wa shati ukatoboka, miwani ikajaa. Bila ile miwani leo ungekuwa na mama wa jicho moja. Kumbe mu kona ya mukia kulibaki maji, tone tu.

Nilikaa chini nikalia. Siyo juu ya woga. Niliona mukono wako. Siku ile ulipotoka hospitali ulisema tu "ni ajali, mama", ukapanda basi. Sasa nauliza, na unijibu kama mwanaume. Kalibu ya siku ile iliingiaje maji?

Mama yako


Rumonge, tarehe 4 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Uliumia? Niambie ukweli. Mama, kalibu haioshwi! Inapanguswa na kitambaa kikavu. Kama ni lazima uioshe, iache juani siku nzima, kisha uipashe moto kidogo juu ya resho kabla ya kumimina. Hata jasho la uso likidondokea ndani, litaruka.

Ulivyouliza: paa la atelie, pale tulifanyia kazi, lilivuja, kalibu zikajaa tope. Bonfils mwenyewe njo aliziosha kwa bomba. Nilimuambia, patroni, hizi ziko na maji. Akasema, "Najua, mimina tu, wateja wanangoja." Alisema hivyo akiwa amejificha nyuma ya mulango, kichwa tu nje. Glavu alikuwa nazo yeye.

Sikukuambia juu nilijua utakwenda Asiatique na kisu. Mama, nakuomba, chambo utengeneze, lakini yule mutu umuachie Mungu.

Mutoto wako, Vainqueur


Kamenge, tarehe 11 Mei 2025

Kwa mutoto wangu,

Amani ya Bwana iwe na we. Afya namna gani? Tajudini aliniambia shangazi aliugua malaria, alipona? Sisi hatujambo, na kazi inakwenda kuliko nilivyoomba.

Barua yako nimeisoma nikaiweka mu Biblia, pale penye jino kwa jino. Alijificha nyuma ya mulango! Kichwa tu nje, kama kobe! Haya.

Libère, yule mvuvi wa kuchekesha anayekula ndagala kwangu, alichukua chambo zangu akarudi na sangala, samaki mukubwa wa kubebwa mabegani. Alimupitisha mu mtaa wote makusudi. Tangu hapo wavuvi wanakuja wenyewe. Ya Bonfils inajaa mapovu, inachanika kwenye ndoano mara ya kwanza, maana anapika haraka haraka na kuchanganya na takataka. Nasikia mwezi huu duka yake inauza nzi tu.

Sasa shika kiti. Bonfils ametuma ujumbe. Jumamosi atakuja hapa nyumbani kuona "huyu Mama Amélie anayesifiwa". Anataka nikamufanyie kazi! Hapa wote wananiita kwa jina la mutoto wa kwanza, na yeye hajui kama Amélie iko na mudogo wake.

Nimewaita Libère, Hamimu, Caritas na pastori waje kuona kazi. Kalibu moja nimeiweka pembeni. Jumamosi nitaiosha vizuri sana.

Mama yako


Rumonge, tarehe 14 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Salamu zitakuja siku nyingine, Tajudini iko ananipigia honi.

Usifanye. Nakupigia magoti. Mi najua harufu ya ngozi ikiungua, we haujui. Sitaki mutu yeyote aijue, hata yeye. Na ukifanya hivyo, watakukamata we, na mi nitabaki mulevi mwenye mama mufungwa.

Kausha ile kalibu.

Vainqueur wako


Kamenge, tarehe 18 Mei 2025

Mutoto wangu Vainqueur,

Salamu tele. Natumaini umelala na umekula. Mi niko muzima na niko nyumbani, siyo jela, basi pumua kwanza.

Barua yako ilifika. Kalibu sikukausha.

Bonfils alikuja na viatu vyenye kung'aa na manukato ya kutosha kanisa nzima. Akazunguka uani, akashika chambo zangu, akazivuta, akanusa, mpaka akasema: "Mama Amélie, mukono wako ni wa dhahabu. Uje kwangu." Nikamuambia, patroni, mi ni mwanamuke wa ndagala tu, kwanza unionyeshe we namna mafundi wa kweli wanamimina. Akavimba. Akakunja mikono ya shati.

Plastiki ilikuwa tayari mu ile sufuria nyekundu, imefika moto wake. Nikavaa maske, miwani na glavu zangu. Glavu za pili zilikuwa juu ya kiti. Hakuziomba, sikumupa. Nikawaambia wengine warudi nyuma mpaka ukutani. Kisha nikaenda kwenye ndoo huko mwisho wa ua, nikazamisha kalibu mbele ya macho yao wote, nikairudisha inachuruzika, nikaiweka mezani mbele yake. Nikamupa upawa wenye plastiki.

"Mimina, patroni."

Akacheka. "Mama, hii iko na maji."

"Na kisha?"

"Itaruka! Itaniunguza!"

"Umekunywa pombe leo?"

"Apana, mi sinywi."

"Basi itakuunguza namna gani? Si inaunguza walevi tu? Mimina, wateja wanangoja."

Vainqueur, hapo njo aliniangalia vizuri, uso kwa uso. Nikatoa maske ili aone pua hii ambayo we uliirithi. Akaurudisha upawa polepole mu sufuria. Jasho ilimutoka mpaka kola ikalowa. Akageukia mulango wa ua, Libère alikuwa amesimama pale mikono kifuani. Libère wa kuchekesha, lakini hakucheka. Akasema tu, "Mujibu mama."

Akasema. Sauti kama ya panya, lakini akasema: "Haikuwa pombe. Kalibu ilikuwa na maji. Mi njo niliiosha, na kijana aliniambia." Nikamuambia arudie, juu Caritas alikuwa mbali. Akarudia. Nikamuambia arudie tena akimuangalia pastori, na hiyo pia akafanya.

Pastori akaniuliza kama sasa nitamusamehe. Nikasema, pastori, kunywa chai yako.

Mama yako


Rumonge, tarehe 2 Juni 2025

Mama yangu mupenzi,

Shikamoo, na shikamoo tena. Hapa wote wazima. Kidole cha tatu kimejikunja, nimeshika kijiko nacho na shangazi akapiga vigelegele, kijiko hakukihesabu.

Habari ilifika kabla ya barua yako. Wavuvi waliibeba pwani yote. Valéry, fundi wa injini za mitumbwi ambaye alinikataa juu ya lile neno la ulevi, alikuja mwenyewe mpaka mulangoni kwa shangazi. Akasema, "Kijana, nilisikia vibaya." Nimeanza kazi Jumatatu. Mama, nilikuwa nimesahau namna mutu anatembea akiitwa kwa jina lake. Nakushukuru mpaka nakosa maneno.

Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Uliandika kwamba glavu zilikuwa kwenye kiti na haukumupa. Kama Bonfils, kwa kiburi chake, angemimina, ungeushika mukono wake?

Mutoto wako, Vainqueur


Kamenge, tarehe 8 Juni 2025

Mutoto wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wote wa nyumba. Umeamka muzima? Kazi mupya namna gani? Umuambie Valéry nitamutumia ndagala, zile kavu kabisa.

Mvua imekwisha, kalibu zinakauka vizuri. Caritas amekuja kujifunza kazi. Nimemufundisha ulivyonifundisha: upepo mugongoni, shati ya pamba, usiinamie moshi. Glavu mi njo ninamuvalisha mwenyewe, sikubali asogelee resho bila hizo. Chambo nyingine tulikuwa tunaziweka mu boksi ya plastiki, zikayeyusha boksi hata zikiwa zimepoa. Sasa tunazitenga, kila aina mu mufuko wake.

Nakutumia glavu mupya za ngozi kwa mukono wa Tajudini. Injini pia inaunguza. Uzivae kila siku, hata kama patroni anasema wateja wanangoja.

Swali lako nimelisoma. Tumushukuru Mungu kwamba alikataa.

Mama yako