Roma Haikuombaka Amani

Baba Furaha,

Tumeshinda. Naanza na hilo kwa sababu najua usingenivumilia nikizungukazunguka. Nimekaa sakafuni sebuleni, hapa hapa Toongabbie, miguu nimeinyoosha, kwa maana mapaja yamekataa kabisa kupanda kiti. Nimecheza futi, mpira wako ule. Ndiyo, mimi. Mimi niliyekuwa nikikuuliza inakuwaje watu wazima wagombanie mpira wenye umbo la yai, tena katika mtaa ambao majirani wote ni watu wa ragbi.

Ngoja nikueleze taratibu.

Ulipotuacha mwezi wa sita, nyumba ilinyamaza. Nilikuwa sijui ni kiasi gani cha kelele zetu kilitoka Roma. Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka bandarini Port Botany? Siku nzima ndani ya lori kwenye foleni ya kontena, masikio yamejaa vipindi vyako vya historia, halafu unaingia mlangoni hujavua hata viatu: "Mama Furaha, wamemuua Kaisari!" Nami naruka nikidhani kumeharibika tena kwenu Bukavu, kumbe mtu mwenyewe alikufa miaka elfu mbili iliyopita. Nilikuwa nakufukuza ukaoge. Sasa ningetoa chochote nisikie Kaisari gani ameuawa leo.

Furaha alitundika viatu vyake vya mpira gereji. Mazoezi ya kabla ya msimu yalipoanza Novemba, hakwenda. Krismasi ikapita, wenzake wakarudi uwanjani, hakwenda. Nilipomuuliza alinijibu kwa Kiingereza chake cha hapa, bila kuniangalia, kwamba hawezi kucheza mahali ambapo baba hayupo. Sikumsukuma. Mimi mwenyewe kuna upande wa kitanda nilikuwa bado siugusi.

Halafu Jumamosi moja ya joto la Januari, lile joto la kuyeyusha lami, akaja Trish, kocha wao, yule mama wa nywele fupi anayeendesha basi la shule. Alileta keki. Akakaa hapo kwenye kiti chako, sikumwambia ni chako, akatueleza kwamba timu ya wanawake inakufa. Mmoja amejifungua, wengine wamehamia Brisbane, wengine wamechoka tu. Wasipotimia kabla ya msimu, wataondolewa kwenye ligi. Hakumwomba Furaha kitu. Alisema alitaka tusikie kutoka kwake, basi.

Alipoondoka nikawa naosha vikombe, na hapo ndipo nilipokukumbuka ukiwa kwenye usukani, tukitoka kanisani Guildford, tumesimama kwenye taa nyekundu.

"Mama Furaha, sikiliza kwanza. Vita ya Kanae! Jeshi lote la Roma limekwisha siku moja. Kila nyumba iko na msiba. Yule jemadari wa Karthago anangojea waje kupiga magoti. Unajua walifanya nini?"

Nikakwambia sijui, na taa ni kijani, endesha.

"Roma haikuombaka amani! Waliandikisha kila mtu aliyebaki, hata watumwa, wakaanza mazoezi upya." Ukapiga usukani kwa furaha kana kwamba na wewe umeandikishwa. Magari ya nyuma yakatupigia honi.

Nikafuta mikono, nikaenda chumbani kwa binti yako.

"Vaa viatu. Jumanne tunaenda wote."

"Wote nani?"

"Wewe na mimi. Wanatafuta watu. Mimi ni mtu."

Alicheka, mume wangu. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka.

Sasa usinicheke na wewe. Nilikwenda na viatu vyangu vya kazini, vile ninavyovaa kwenye makao ya wazee. Tulipoanza kukimbia kuzunguka uwanja, wale wasichana walinipita kama gari moshi linavyopita stesheni isiyo yake. Nilitapika nyuma ya vyoo. Trish akanipa maji akasema nitembee tu. Nikatembea. Alhamisi nikarudi nikatembea tena, kisha nikakimbia kidogo, kisha nikatapika kidogo.

Siku moja alitupanga tusukumane na magodoro mazito yale ya kujifunzia kukabiliana. Nilikuwa nahema, nataka kurudi nyumbani. Furaha akanisogelea, akaniambia kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile kinachojikwaa: "Mama, askari ya Roma walifanyaka mazoezi na panga ya mbao. Nzito kuliko ya kweli. Ndio ile ya kweli ikuwe nyepesi."

Nilisimama na godoro langu nikamtazama. Na sauti ilikuwa yako kabisa! Miaka yote hiyo tulidhani amelala kwenye kiti cha nyuma, kumbe alikuwa anasikiliza kila neno.

Tangu siku hiyo sikutembea tena.

Lakini wawili hatukutosha. Nikamweleza Mama Esperansi wa Guildford, yule anayepakia maboksi ghalani. Nilidhani atanishangaa. Akasema, "Mie nainua maboksi toka asubuhi, mpira ndio utanishinda?" Jumanne iliyofuata alikuja na nusu ya kwaya. Trish alizunguka akitushika mikono mmoja mmoja, macho yamemjaa machozi, hajui majina yetu hata moja. Februari ilipoisha, timu ilikuwa imetimia.

Nimejifunza kuupiga mpira kwa ngumi, kwa kuwa kuurusha ni kosa. Nimejifunza kuanguka. Teke langu tu ndilo limekataa kukua.

Jumamosi iliyopita tukacheza mechi ya kujipima na wale wanawake wa ufukweni, ndio wale waliotupiga mwaka jana ukarudi nyumbani huongei. Baba Furaha, sikuweza kutazama milingoti ya goli. Hapo ndipo ulipokuwa unasimama, mwamuzi wa goli, na koti lako jeupe na zile bendera mbili za kuonyesha goli, umenyooka kama mlinzi wa ikulu. Niliogopa kuliona koti hilo mwilini mwa mtu mwingine. Nikacheza karibu mechi nzima nikitazama nyasi.

Robo ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi chache. Nilikuwa peke yangu mbele ya goli, maana hakuna aliyeona sababu ya kumlinda mama mnene mwenye bandeji magotini. Mpira ukapigwa juu, juu sana, ukaanza kushuka kuja kwangu. Nikainua mikono kama ninavyompokea mzee anayetoka kitandani. Nikaudaka! Filimbi ikalia. Kwa sheria za mchezo wako, aliyedaka hivyo haguswi, anapewa nafasi ya kupiga. Watu wote wananipigia kelele nipige.

Nalijua teke langu. Nikamwona Furaha anakuja mbio kutoka kushoto. Nikampa kwa ngumi. Hakupunguza hata mwendo, akaushika, akaupiga.

Ndipo nikatazama milingoti. Aliyevaa koti alikuwa mume wa Trish, mikono ya koti mifupi kwake. Akainua bendera zote mbili: goli, pointi sita, tumewapita. King'ora kikalia.

Furaha alinirukia tukaanguka chini, tukalia pale pale kwenye nyasi, hadi Trish akaja mbio na sanduku la dawa akidhani tumevunjika. Mama Esperansi akaanza wimbo, kwaya ikapokea, na wale wanawake wa ufukweni wakabaki wakitupigia makofi wasijue tunaimba nini. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi yako. Kilikuwa kilio kingine.

Habari nyingine: binti yako ameingia chuo kikuu, na atasoma historia ya kale. Kaka yangu alipiga simu kutoka Nakuru kuniuliza hiyo ni kazi gani. Nikamwambia ni kazi ya baba yake.

Sasa sikiliza, na usininunie. Jumapili hii sitakuja makaburini. Ligi inaanza na tunacheza ugenini. Maua atakuletea Mama Mchungaji, nimeshaongea naye. Nakuahidi nitacheza msimu wote, tushinde, tushindwe, na binti yako hatasimama peke yake uwanjani wakati mimi nina pumzi.

Pumzika, mpenzi wangu. Mimi lazima nilale mapema. Trish amenipanga kuanza.

Mama Furaha