Mama Odessa Pruitt, Uliyejipamba Kwenda Hospitali

Mwaka umetimia wiki hii, Mama, tangu ulipotutoka, na bado tukiingia jikoni tunachungulia kama upo.

Hapa Memphis walikujua kwa kofia zako. Uliwasindikiza wanawake wa kanisani kwa daktari, ukakaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Daktari akisema mgonjwa ana mawazo tu, ulimwuliza kwa upole, "Mwanangu, hilo utaliandika kwenye faili lake? Maana nangoja nilisome." Vipimo vilipatikana siku hiyohiyo.

Na kabla ya kutoka sharti mtu apendeze. "Mwanamke mweusi akiingia pale na kandambili, wanamwona mlevi," ulituambia. "Vaa ya Jumapili. Paka rangi ya mdomo. Wajue umetoka kwa watu."

Kisha ikawa zamu yako, miaka saba iliyopita. Kifua kilikubana ukichambua mboga, nawe ukaoga, ukavaa suti ya zambarau, ukajipodoa, ukamtania hata nesi. Daktari akakutazama, akasema mtu aliyependeza hivi hana ugonjwa, nenda kapumzike. Nawe ukamshukuru. Ukamshukuru kabisa, Mama.

Garini binti yako Verlene aliona jasho likichuruzika juu ya poda. Akageuza gari. Mlangoni pa hospitali akatoa kitambaa, akaanza kukufuta.

"Niachie uso wangu, we mtoto."

"Uso gani? Midomo imekuwa ya kijivu. Waambie unaumwa."

"Nimeshawaambia sijisikii vizuri sana."

"Hukuwaambia. Ulikuwa unachekacheka nao."

Uliingia ndani umemshika mkono. Kisha ukawaambia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Safari hii walikuja mbio na kitanda.

Mungu akatuongezea miaka sita, na hiyo ndiyo tunayoitamani irudi. Kila Jumamosi alasiri ulijifungia chumbani, miguu ndani ya beseni la maji moto, redio ikiimba. Mumeo, Shemasi Cleophus, akajipakulia mwenyewe, akanung'unika mpaka kambare akapoa. "Leo sipo," ulimjibu kutoka ndani. Dada yako Tommie Ruth akasema umeuanza uvivu uzeeni, ukamwambia umechelewa sana kuuanza. Na wale wanawake wa kanisani ukawafundisha upya: "Pendezeni, lakini msiseme hamjambo wakati mnakufa."

Mwaka jana moyo ulipochoka, hukungoja mtu agundue. Ulimpigia Verlene kazini, mchana kweupe. "Acha unachofanya uje," ulisema. "Hii ndiyo yenyewe, na ninaiogopa."

Maisha yetu yote hatukuwahi kukusikia ukisema unaogopa. Tukaja wote, tukajaza chumba, tukakushika mikono mpaka mwisho. Hukuogopa peke yako, Mama.

Unakumbukwa na mumeo Cleophus, binti zako Verlene na Jocelyn, dada yako Tommie Ruth, wajukuu, na akina mama wote uliowakalia kiti cha pembeni.

Tutakukumbuka maadamu tunapumua.