Mama na Ukurasa wa Chemsha Bongo

Chumba cha ushonaji,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Za huko uliko? Na ule mgongo uliosema unakubana ukikaa sana kwenye usukani, umepungua au bado unauficha kwa wifi ili asikukataze safari? Wifi mwenyewe hajambo? Wanangu je? Mwambie mkubwa wao shangazi yake ameipokea picha, na lile pengo la meno ya mbele limempendeza kuliko viatu vipya alivyotaka nivione.

Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Miguu yangu inavimba kidogo kwa kuwa huu ni msimu wa sare za shule na nakanyaga cherehani kutwa, lakini nikiiinua juu ya kiti inatulia. Shemeji yako anakusalimu. Yuko hapa chini sakafuni, amelivua jokofu la mteja nguo zote, sebule nzima ni skrubu, nasi tunatembea kama watu wanaoiba.

Najua unashangaa kwa nini sikukujibu mapema. Haikuwa dharau. Barua yako niliisoma mara tatu, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, na kila nikikatiza hapo naona kama inaniita. Uliniuliza jambo moja tu: Mama apelekwe kwenye ile nyumba ya kutunzia wagonjwa, au abaki? Ukataka jibu kabla mwezi haujaisha. Jibu ninalo, kaka. Ila nivumilie nikusimulie kwanza, maana nikikupa jibu tupu utasema nimeongozwa na huruma.

Nianzie pale ulipoondoka. Usidhani sikuona. Ulikaa kwenye kitanda chake, ukamshika mkono, ukamuuliza, "Mama, mimi nani?" Akakutazama sana, akasema, "Kijiko." Ulicheka kwa mdomo tu, kisha ukatoka kwenda kunawa uso. Kesho yake ukafunga begi, siku mbili kabla ya siku yako. Tangu hapo ukipiga simu unaongea na mimi, na nikikwambia ngoja nimpe Mama unasema, "Usimsumbue, hanijui."

Mama alikujua. Kuna binti pale hospitali anayewafundisha waliopatwa na kiharusi kusema tena. Sisi tumembandika jina la Binti Taratibu, kwa sababu kila akifungua mdomo ni taratibu, taratibu. Nilimweleza habari ya kijiko, naye akaniambia, "Kabati la mama yako halijaibiwa, dada. Limeanguka tu. Vitu vyote vimo, ila droo zimechanganyikana." Kwamba alikuwa anataka kusema "mwanangu", mkono wake ukagusa kisichotakiwa. Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia mpaka mfagiaji akanizunguka na ufagio wake. Nilipaswa kukwambia siku ileile. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kuondoka, na hasira ni mshauri mbaya. Nisamehe.

Mwanzoni mazoezi yalitushinda. Tulipewa kadi za picha: kikombe, paka, kiatu. Sasa fikiria Mama, aliyekaa miaka thelathini na mmoja kwenye mitambo ya simu, aliyekuwa akiwaunganisha watu bila kufungua daftari la namba, leo aonyeshwe picha ya paka aulizwe hiki nini! Alikuwa anaugeukia ukuta. Siku moja alizikusanya kadi zote kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, akazidondosha moja moja kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Kiatu akakimaliza mwisho. Moyoni nilimpongeza.

Kilichotuokoa ni gazeti. Shemeji yako alileta vifaa vyake vimefungwa kwenye gazeti, akavitoa, akaiacha karatasi mezani karibu na Mama. Ukurasa wenyewe ulikuwa ule wa chemsha bongo: juu fumbo la maneno, katikati mraba wa namba, chini swali la kupima akili. Nilipotoka jikoni nikamkuta ameokota chaki yangu ya kuchorea nguo, anajaza namba. Unaujua ule mchezo, kila mstari uwe na moja hadi tisa bila kurudia, kwenda chini na kwenda kando. Mwandiko ulikuwa kama wa kuku aliyetoka kwenye matope, lakini hapakuwa na namba hata moja iliyokaa pasipo pake. Nilisimama na mwiko mkononi hadi chakula kikaungua. Maneno yalikuwa yamemtoroka, kumbe namba hazikuondoka nyumbani.

Tangu siku ile muuza magazeti wa chini hutuwekea nakala yetu. Asubuhi baada ya chai meza inafutwa, Mama anavaa miwani, anagonga kidole mezani mara mbili, maana yake leteni. Penseli nimeifunga kwa uzi kwenye mkono wa kiti kwa sababu ikianguka anakasirika. Tunaanza na namba apate joto, kisha swali la akili, na maneno mwisho, maana maneno ndiyo mlima.

Usione kwamba anasaidiwa. Siku moja swali lilikuwa hili: mama mmoja ana mabinti watatu, na kila binti ana kaka mmoja, ana watoto wangapi? Nikajibu haraka, kwa sauti, "Sita!" Mama akanitazama kwa huruma kabisa, akainua vidole vinne. Huyo kaka ni mmoja kwa wote watatu! Shemeji yako amelifanya wimbo. Mteja akija kuchukua sare sita, huyo anapiga kelele toka sebuleni, "Zihesabu tena, fundi huyo nne huziita sita!"

Kwenye maneno, Binti Taratibu alitupa mchezo wa kugeuza silabi. Anasema neno likivunjwa vipande linakuwa jepesi kulibeba. Nikampigia Mama makofi, *ma-te*. Nikamwambia, "Yamo kinywani. Yageuze." Alihangaika, jasho likamtoka puani. Midomo ikaenda, ikarudi. Halafu, "Te... ma. Tema!" Alishtuka mwenyewe, kaka, kama mtu aliyeukuta ufunguo mfukoni baada ya kuvunja mlango. Shemeji yako naye hakutaka kupitwa: "Mama mkwe, *kazi* ukiigeuza inakuwaje?" Mama akafikiri, akapiga makofi yake ya mkono mmoja pajani. "Zi-ka." Jamaa akasema, "Ndiyo maana mimi siikimbilii!" Mama akacheka. Si tabasamu la upande mmoja tulilolizoea, alicheka mpaka miwani ikashuka.

Sasa nifike kwenye wiki ile barua yako ilipokuja, maana hapo ndipo nilipotaka kukuandikia kwamba nimekubali.

Asubuhi ya Jumanne alianza mraba wa namba kama kawaida. Akafika katikati akakwama. Akarudia, akakwama. Akaanza kugonga penseli mahali pamoja akisema, "Kosa." Nikamwambia, "Si kitu, Mama, sote tunakosea," nikachukua kifutio nikamfutia aanze upya. Akaanza, akafika palepale. "Kosa." Nikafuta tena. Mara ya tatu akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akaniambia usoni, "Kosa! Kosa!" na machozi yakamtoka. Akaisukuma meza, chai ikamwagika kwenye kola ishirini nilizokwisha kuzipiga pasi.

Nilimkaripia, kaka. Nilimkaripia mama yangu kama mtoto. Nikamwambia kama hataki aseme, nina kazi za watu. Kesho yake hakugusa gazeti. Kesho kutwa vilevile. Alikaa dirishani akatazama ukuta wa jirani. Mimi nikajua ndiyo basi, hata namba nazo zimekwenda. Nikampigia simu Binti Taratibu, nikakata kabla hajapokea. Nikaitoa barua yako chini ya kitambaa, nikachukua karatasi nikaandika, *Kaka, naona ulikuwa na haki.* Sentensi hiyo ninayo mpaka leo, sikuimalizia.

Shemeji yako ndiye aliyeliokota gazeti lile la Jumanne alifutie mikono ya grisi. Kabla hajalichafua akaliona lilivyofutwafutwa hadi kutoboka. Unamjua na ubishi wake: kitu kikimshinda mtu lazima akifungue aone ndani. Akakaa nalo. Nilimwona akikuna kichwa, akitafuta miwani, akiandika pembeni. Baada ya saa nzima akaniita taratibu, "Njoo uone. Hapa alipokuwa anagonga hapaingii namba yoyote. Si moja, si tisa. Huu mraba haumaliziki. Waliochapa ndio waliokosea."

Kumbe hakuwa akisema *nimekosa*. Alikuwa akinionyesha kosa, na mimi namfutia.

Ijumaa gazeti lenyewe likatuondolea ubishi. Kona ya chini, herufi ndogo kama sisimizi: wasomaji watuwie radhi, mraba wa Jumanne, namba nne ya mstari wa sita isomeke tisa. Nililichukua nikampelekea Mama dirishani. Nilipiga magoti, nikaweka kidole pale nikamsomea, nikasema, "Mama, nisamehe. Ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosa."

Akaivuta karatasi karibu na macho. Akasoma mwenyewe, midomo ikitembea. Kisha akanigeukia, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka akatoa neno refu zima bila kukatika, kwa sauti yake ileile ya kutukemea tulipokuwa wadogo: "Nilikwambia!"

Tulicheka, tukalia, sijui kipi kilitangulia. Shemeji yako alikuja mbio akidhani jokofu limeniangukia.

Sitaki kukupamba na maneno. Bado kuna siku mbaya. Juzi birika aliliita soksi, akajisikia vibaya asubuhi nzima. Mkono wa kulia haujarudi, na Binti Taratibu ananiambia waziwazi kwamba huenda usirudi wote. Lakini kwenye kipimo cha mwezi huu alitaja vitu kumi na tisa kati ya thelathini. Uliondoka akiwa anataja viwili. Anajibu ndiyo na siyo mahali pake. Anaagiza chumvi. Majuzi alimwambia muuza magazeti kwamba amechelewa, na yule bwana akafurahi kugombezwa kana kwamba amepewa zawadi.

Basi jibu langu ni hili: Mama haendi kokote. Najua hukusema kwa ubaya. Ulisema kwa kuwa unaniona nimeelemewa, na kweli nimeelemewa, nisijifanye chuma. Kwa hiyo nimekwisha kuzungumza na yule mwenzangu wa kudarizi, atakaa na Mama siku mbili kila wiki nami nipumue. Ninachokuomba wewe ni kitu kingine.

Jana asubuhi nilimwambia Mama kwamba leo nakuandikia. Nikamuuliza nikusalimie vipi. Aliitazama karatasi yangu, nikadhani neno limemkimbia. Kisha akagonga kidole mara mbili. Nikampa penseli. Aliandika herufi nne kubwa, za mkono wa kushoto, zinapanda na kushuka: *JANA*. Akaniambia, "Kaka yako. Ageuze."

Nilidhani ni siku aliyokuwa akiikumbuka. Nikaligeuza mwenyewe silabi kwa silabi, ja-na, na-ja, nikaacha kushona. Unakumbuka Mama hajawahi kusema *nakuja* kama watu wengine. Kwake ni *naja*, na sisi tulilichukua hivyohivyo. Ulikuwa ukiitwa uwanjani unapiga kelele, "Naja, Mama!" kisha husogei.

Nikamwambia, "Sawa, nitamtumia fumbo lako, atakuandikia jibu." Akatikisa kichwa. Akaitafuta sauti, na safari hii alichukua muda wake wote, wala sikumsaidia.

"Siyo barua," akasema. "Mlango."

Karatasi yenyewe nimeikunja humu ndani. Usiikaze sana kuikunjua, penseli inafutika.

Nisalimie wifi, mwambie gauni lake nimekwisha kulikata na sitalishona mpaka nimpime kwa macho yangu. Wabusu wanangu mmoja mmoja. Msalimie na mjomba ukipita kwake, mwambie dada yake sasa anasoma gazeti kumshinda. Mungu akuweke salama njiani, akufungulie ya mbele kuliko uliyoyaacha nyuma.

Ndimi mdogo wako wa toka nitoke, akupendaye hata ukinyamaza,

Fundi Cherehani wenu.