Nyasi Kavu za Karani

6 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile sikio halikusumbui sana. Mimi nimefika salama. Nimeona nikuandikie kwa sababu juzi kwenye simu uliniambia unasikia upepo tu.

Kazi nimeanza. Kiwanda kinashona makoti ya wauguzi na wapishi, nami nimewekwa kwenye mikono. Kutwa naunga mkono wa kushoto. Wa kulia ni wa mwenzangu wa mashine ya mbele. Tunalala bwenini, vitanda vya juu na chini, na mlangoni wamebandika tangazo kwamba wanyama hawaruhusiwi. Ndiyo maana nilikuletea Karani. Najua hukupenda. Ulimpokea kama mgeni aliyekuja bila taarifa, lakini ulimpokea, nami nashukuru. Tangu mwanao arudi migodini mwaka jana akanyamaza kimya, sina mtu mwingine wa kumwachia sungura.

Siku ile nilikuwa na haraka ya basi, sikukueleza vizuri. Chakula chake hasa ni nyasi kavu. Zisikosekane, mchana na usiku. Ndizo zinazosaga meno yake, maana hayaachi kuota, na ndizo zinazoendesha tumbo. Mboga za majani mpe konzi asubuhi na konzi jioni: saladi, majani ya karoti, majani ya figili, kotimiri. Karoti yenyewe kwake ni kama peremende, kipande cha kidole kinatosha. Zile punje za chakula cha dukani, za kwenye mfuko, ni kijiko kimoja tu kwa siku, hata akikutazama vipi. Maji yawe kwenye bakuli zito la udongo, jepesi hulibinua.

Choo chake ni lile beseni la bluu. Tandika magazeti yaliyochanwa, halafu weka nyasi kavu upande mmoja, kwa sababu hula huku akijisaidia na haoni aibu. Badilisha kila siku, suuza kwa siki kidogo na maji. Ukifuata hivyo hatachafua kwingine.

Mkamwana wako


25 Februari

Mkamwana,

Marahaba. Mimi sijambo, sikio ni lilelile. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuwa natafuta habari zako, ya pili nikatafuta tena. Habari za sungura zimo nyingi.

Nimefua mashuka ya hospitali mpaka nikastaafu, kwa hiyo uchafu haunitishi, lakini huyu mnyama wako ana mambo. Asubuhi moja nimemkuta ameinama anakula kinyesi chake mwenyewe, tena anakichukua kulekule kinakotokea. Nilimkemea. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Je, ni njaa?

Sasa nimeelewa kwa nini mlimwita Karani. Kila karatasi inayoingia nyumbani lazima ipitie kwake kwanza. Barua ya watu wa maji ameila pembe. Ametafuna na waya wa pasi. Bahati njema haikuwa kwenye umeme. Pasi yenyewe ilikuwa ya marehemu baba mkwe wako, lakini sisemi kitu.

Magazeti yameniishia. Seremala jirani kanipa gunia la maranda ya msonobari, yananukia vizuri, ndiyo ninayomtandikia siku hizi. Na jioni nikinywa chai huja kusimama kwa miguu ya nyuma kando ya kiti changu. Humpa biskuti. Anaipenda kweli.

Mama mkwe wako


9 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole kwa pasi. Naandika wakati wa mapumziko, mwandiko uusamehe.

Biskuti usimpe tena, nakuomba. Wala mkate, wala wali, wala viazi. Tumbo la sungura halikuumbwa kwa unga na sukari. Likisimama, linasimama kabisa. Ukiona hali chakula, na kwenye beseni hakuna vidonge vya kinyesi, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Maranda ya msonobari nayo yatoe. Ile harufu nzuri ndiyo inayomdhuru mapafu na ini. Kama magazeti hakuna, mabua makavu ya ngano yanafaa. Mchanga wa choo cha paka usinunue, akiumeza unaganda tumboni.

Kuhusu kula kinyesi, mwache, si njaa wala si ulafi. Kile laini cha asubuhi ndicho chakula chake cha mara ya pili, kina nguvu ambazo hakuzipata mara ya kwanza. Vile vidonge vikavu havigusi. Nyaya zote zinyanyue juu ya meza.

Mkamwana wako


17 Machi

Mkamwana,

Marahaba. Barua yako imenikuta narudi kutoka kwa daktari wa mifugo, kwa hiyo mengi uliyoandika nilikuwa nimeshayajua, tena kwa kuyaona.

Jumanne hakuja kwenye chai. Nilimtafuta, nikamkuta nyuma ya kabati amejikunyata, macho nusu, anasaga meno. Nikatazama beseni. Kavu. Hospitalini tulijua kwamba mgonjwa asiyechafua shuka ndiye anayewatia wauguzi wasiwasi. Nikamtia kwenye kapu la nguo, nikamfunika sweta yangu, nikatoka.

Kule foleni ilikuwa ya mbwa na mbuzi. Mwenye mbuzi aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia sungura, akaniuliza mbona niko mbali na jikoni. Daktari ni binti mdogo, mpole, mikono yake ina baridi. Akauliza, "Amekula nini?"

Nikasema, "Biskuti."

"Ngapi?"

"Moja, kila ninapokunywa chai."

"Na chai unakunywa mara ngapi kwa siku?"

Hapo nikaona nitazame ukutani.

Alimchoma sindano ya maumivu na nyingine ya kuamsha tumbo. Akanifundisha kuloweka punje, kuziponda ziwe kama uji, na kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo asije akapaliwa. Na kumsugua tumbo taratibu. Nimeshinda naye mapajani, redio imezimwa, nguo za kufua zimelala kwenye maji mpaka zikanuka.

Jana mchana nilisikia kitu kimedondoka kwenye beseni. Kidonge kimoja, kidogo kama mbegu ya papai. Sijawahi kufurahia mavi ya mtu yeyote, hata ya mwanangu nilipomlea.

Sasa anakula nyasi. Maranda nimemrudishia seremala. Wewe unakula nini huko?

Mama mkwe wako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea wenzangu bwenini. Walicheka pale kwenye chai, nami nikacheka, halafu nikaenda kuoga nikakaa bafuni muda mrefu. Asante.

Ninakula vizuri. Mchana kiwanda kinatupa wali na maharage, jioni tunachanga tunapika. Nimehamishiwa kwenye kola. Kola ni ngumu kuliko mikono, ikipinda kidogo tu koti zima linaonekana limevaliwa na mlevi. Msimamizi hasemi sana. Akipita akanyamaza, ujue umefanya vizuri.

Nina swali moja, nalo silipendi. Mwanao amekuandikia? Mimi simu yake haipatikani, na barua zangu hazijibiwi. Ukiwa unajua lolote, niambie hata kama ni baya. Nimechoka kukisia.

Mkamwana wako


21 Mei

Mkamwana,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula. Mimi sijambo. Karani hajambo pia, daktari kamkata kucha na kasema meno yake yako sawa.

Uliniomba nikuambie hata kama ni baya. Nakuambia.

Mwanangu alikuja Jumapili. Kavaa vizuri, kanenepa. Nilimpikia akala. Karani akatoka chini ya meza, akamnusa kiatu, akapiga mguu wa nyuma sakafuni, akaenda zake. Mwanangu akacheka. Akasema, "Kumbe yuko hapa? Basi nitaondoka naye, mama. Mtoto atampenda."

Nikamwuliza, "Mtoto gani?"

Akanyanyua glasi akanywa, na haikuwa na kitu.

Ana binti wa miaka minne. Mama wa mtoto yuko hukohuko migodini, wamepanga nyumba, wanaishi. Hesabu ya miaka nimeipiga mwenyewe, nawe utaipiga. Wakati ule alikuwa anakuja nyumbani kwako kila mwisho wa mwezi na nguo chafu.

Nikamwambia, "Huyu sungura si wako."

"Si nilimnunua mimi?"

"Ulimnunua ukampa nani?"

Nilimwuliza kama wewe unajua. Akasema alikuwa anatafuta namna ya kukuambia. Nikamwambia mtu hatafuti namna kwa miaka minne, huyo amekaa tu. Aliondoka jua likiwa bado liko juu.

Ni mwanangu. Mlango siwezi kumfungia, na sitakudanganya kwamba nilimfukuza. Nilimfungia hata chakula cha njiani. Lakini sungura hakutoka.

Nimeandika kama ilivyokuwa. Kupamba sijui.

Mama mkwe wako


6 Julai

Mkamwana,

Natumaini u mzima. Sijapata barua, na sikuulizi kitu.

Nyasi kavu mpya zimeingia sokoni, zile zenye ukijani, zina harufu ya shamba. Nimejaza gunia. Siku hizi anakimbia ukumbini, anaruka juu, anajipinda hewani kama samaki. Nilidhani ni kifafa. Daktari kasema ni furaha.

Nimeandika ujue hivyo tu.

Mama mkwe wako


18 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Barua zako zote mbili nilizipata. Kila nikishika kalamu, nilichokuwa nataka kusema kilikuwa hakifai kusemwa kwa mama wa mtu.

Tumeachana. Niliomba talaka, mwanao akaja mahakamani, hakupinga. Tulikaa benchi moja kama watu wanaongoja mabasi tofauti. Aliniuliza kama nina afya njema, nikamwambia ninayo. Hakimu alisoma, tukatia sahihi, tukatoka. Nje alitaka kusema jambo, nikamwambia nitachelewa kazini, na kweli nilikuwa nachelewa.

Bwenini nimehama. Nimepanga chumba karibu na kiwanda, kina dirisha moja na sakafu ya saruji. Mwenye nyumba hana neno na sungura mradi asitafune mlango. Nitakuja kumchukua Karani mwisho wa mwezi ujao, tukipewa likizo. Umenisaidia kuliko nilivyostahili kukuomba, na sasa sina tena haki ya kukuachia mzigo. Hata kukuita mama sijui kama naruhusiwa.

Aliyekuwa mkamwana wako


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sahihi yako umeikosea. Hiyo talaka ina majina mawili, na langu halimo.

Njoo umchukue Karani, ni wako. Nitaumia kidogo, kisha nitaosha beseni niliweke juani.

Ila kuna jambo lazima ulijue kabla hujapanda basi. Mwanangu ameniandikia. Yule mama wa mtoto ni mjamzito, amelazwa, wamemkataza kushuka kitandani. Mwanangu naye kazini hapati ruhusa. Anaomba nikae na mtoto mpaka mama yake ajifungue. Maana yake mtoto atakuwa hapa siku utakayokuja.

Sijapata kumwona mjukuu wangu hata kwa picha. Natamani aje, siwezi kusema uongo. Lakini nyumba hii ndiyo uliyokabidhi kilicho chako, na sitaki ufike mlangoni ukutane na mtoto, labda mwenye uso wa baba yake, bila kuwa umejiandaa. Ukisema asije, nitamwambia mwanangu atafute kwingine, na sababu sitakuuliza, leo wala baadaye. Barua yake sijaijibu. Nangoja yako.

Anasema mtoto ameshaambiwa kuna sungura. Haulizi habari za bibi, anauliza habari za sungura.

Mama


16 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimeshinda na barua yako kwenye mfuko wa aproni wiki nzima. Mwanzo niliandika asije. Niliifunga hiyo barua, nikaibandika stempu, nikaipitisha mbele ya posta asubuhi na jioni. Jumamosi nikiwa kwenye mashine nilikosea kola moja, kitu ambacho sijafanya tangu Aprili, na msimamizi akasimama nyuma yangu akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa. Nikamwambia yupo. Nikawaza ni nani huyo niliyemsema, nikaona ni mama wa yule mtoto, aliyelala kitandani kwa amri ya madaktari na binti yake hana wa kumshika. Simpendi, mama. Sitampenda. Lakini barua ile niliichana.

Mtoto aje.

Wa miaka minne mikono yake haijajua uzito wake, kwa hiyo mweleze mapema. Akae sakafuni, atulie, amngoje. Karani atakuja mwenyewe akiona hakuna anayemtaka. Asimshike masikio na asimnyanyue kabisa. Sungura akirusha miguu akiwa juu huweza kuvunjika mgongo. Ampapase paji la uso kuelekea nyuma, kidevuni hapendi. Jani la kotimiri aliweke kwenye kiganja kilichofunguka, vidole vimelala. Akikimbilia chini ya meza asifuatwe, pale ndipo chumbani kwake. Usiwaache wawili peke yao hata ukienda kuanua nguo.

Magazeti ya beseni anaweza kukusaidia kuyachana. Watoto wa umri huo hupenda kuchana.

Sitamchukua Karani safari hii. Mtoto ameshaahidiwa, na chumba changu kwa kweli ni kidogo. Lakini nitakuja vilevile, Jumamosi ya mwisho, kwa basi la asubuhi. Nitalala kama una nafasi.

Akiuliza ni nani anayekuja, usihangaike kutafuta jina. Mwambie ni mwenye sungura.

Mwanao