Kwa mjomba wa Issa, niliyemfanya koneksheni

Mpendwa kaka Rashidi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa misimu miwili ya korosho bila kukuandikia. Nilianza mara nyingi. Nikifika kwenye salamu huyu mdogo analia, na nikishamnyonyesha akalala naona nimepata sababu ya kuiweka kalamu. Ukweli si mtoto. Nilikuwa naona aibu.

Unakumbuka foleni ya maji pale Kitangari, ndoo zimepangwa tangu asubuhi na bomba halitoi kitu? Ulikuwa darasa la saba, una kamusi yako isiyo na jalada, unanisomesha Kiingereza nitake nisitake. Siku ile fundi alipokuja kuunga bomba lililokatika ukanifundisha neno la kazi yake, koneksheni. Ukasema bomba kwa bomba ni neno hilo. Ukishuka na basi la Newala hadi Masasi, ukapanda jingine la kwenda mbali, ni hilohilo. Nikakuuliza, na watu je? Ukaifunua tena kamusi. "Na watu pia. Ila mimi na wewe hatujaungwa na fundi, kwa hiyo usinivute shati." Nilicheka mpaka mama akanifinya.

Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa watu binafsi ukaenda Mtwara, ukawa karani wa ghala la tajiri mmoja. Neno lile likaturudia huku bila wewe. Vijana wa stendi ya Masasi walikuwa nalo mdomoni. Kazi koneksheni, salfa ya kupulizia mikorosho koneksheni, hata kiti cha dirishani kwenye basi. Wenzangu kwenye maji wakanitania, "Mama Issa usitubanie, una kaka mwenye funguo." Nami nikajiona mtu.

Kisha mama mkwe akaanza, kila nikipepeta mchele. "Kaka yako ana ghala zima, na Athumani wetu hapa hana la kushika. Au undugu wenu ni wa Idi hadi Idi?" Athumani ni mdogo wake Baba Issa, hukuwahi kumwona kabla, ila unamjua sasa kuliko mimi.

Ningekuandikia kwamba ni shemeji yangu na anatafuta kazi, ungempima kama unavyompima mtu yeyote. Nilijua utampima. Ndiyo maana nikaandika kuwa ni wa litawa letu, ukoo wa mama, mjukuu wa dada yake bibi aliyeolewa Lisekese. Mtu wa litawa humkatalii, nalo hilo nililijua. Mama alikuwa ameshatutoka, hukuwa na wa kumuuliza. Na hata usingeuliza, kwa sababu aliyeandika ni mimi.

Ulisimama mbele ya tajiri ukasema, "Huyu damu yangu," ukampa funguo. Msimu haujaisha, magunia yameshatoka, Athumani haonekani, nawe umefukuzwa. Ulipita Masasi ukitoka Mtwara na hukupanda huku kwetu. Ulimtuma dereva wa basi tu: "Mwambie dada nimefika Lisekese kuwaona wale ndugu zetu. Hawapo."

Hapo ndipo ninapoumia, kaka. Kazi imepotea, jina limechafuka, na bado ulishuka garini ukaenda kuwatafuta. Nakujua, hukwenda mikono mitupu. Ulibeba hata mkate. Ukawa unauliza nyumba kwa nyumba jina nililolitunga mimi nikiwa nimekaa kwenye mkeka.

Baba Issa anasema kosa ni la mdogo wake. La wizi ni lake. La kukuita ndugu wa mtu asiye ndugu yako ni langu, na simwachii mtu.

Sasa Issa amefikia umri wa jando, wenzake wanaingia likizo hii. Unajua kwetu mjomba asiposema neno mtoto haingii. Wakwe wamechoka kungoja. "Si utafute mjomba yeyote hapo jirani, wanakufahamu, mmoja atasimama?" Nikawaambia hapana. Nilishamwingiza mtu wa nje kwenye litawa letu mara moja, inatosha. Kama si wewe, Issa atabaki nyumbani na wadogo wamcheke. Juzi aliniuliza, "Mama, mjomba amekufa?" Nikamjibu, "Yupo. Mimi nilimkosea." Sikuwahi kulisema hilo kwa sauti.

Sikuombi urudi kunipenda kama zamani. Hilo litakuja au halitakuja. Barua hii naitia posta, hakuna mtu anayekujia nayo, na sitamtuma mtu kwako tena. Lakini mtoto hajakukosea, na haki yake kwako naidai bila haya.

Vinavyotakiwa kutoka kwa mjomba ni hivi. Kanzu moja, urefu wake nimeupima kwa uzi, umo ndani ya bahasha. Kofia. Kandambili namba thelathini na moja, anakua haraka, usichukue ndogo. Shuka moja jeupe. Vikikushinda niandikie, nitamvisha mtumba, na wakiuliza nitawaambia wazi kuwa hukutuma. Ila kuna kimoja siwezi kukipata sokoni wala kukishona, nacho ni ruhusa yako, hata mstari mmoja, useme Issa aingie.

Dada yako,
Mama Issa