Bei ya Kiwiko

Consuelo,
Jumanne, 14 Januari

Kwa mdogo wangu Yoelvin,

Salamu nyingi za upendo zikufikie huko Santiago, pamoja na Shangazi Idalia na wote wanaokula kwenye chungu chake. Hujambo lakini? Unalala? Unakula? Nauliza kwa sababu nakujua: ukiwa na donge moyoni hata wali na mbaazi unakushinda. Sisi huku tu wazima, ila uzima wenyewe ni wa kuvuta siku. Baba kifua kimemwachia kidogo. Bado anaamka alfajiri kana kwamba kiwanda cha sukari kinamngoja, anachemsha kahawa yake, anakaa barazani na redio imezimwa. Imezimwa, Yoelvin. Tangu mwezi uliopita hataki kusikia neno besiboli ndani ya nyumba hii.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimeota sugu. Hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, kazi ambayo sijaifanya tangu nimalize shule, na kesho nitampa dereva wa basi barua hii amkabidhi Shangazi mkononi. Ukitaka kuichana ichane, lakini isome kwanza mpaka chini.

Habari za mtaani ni wewe tu. Wanasema Mashoto wao, mrusha mpira waliyejivunia, kauza mchezo. Wengine wanatia chumvi, ati umenunua gari umelificha huko kaskazini. Juzi Fausto kinyozi aliniuliza mbele ya watu kama gari lenyewe lina kiyoyozi. Nikamwambia anunue kwanza mkasi unaokata, maana vichwa vya wateja wake vinafanana na shamba la miwa lililoingiliwa na ng'ombe. Watu wakacheka, nami nikacheka, nikafika nyumbani nikalia.

Najua Ijumaa saa nne unasimama mbele ya kamati ya ligi kule mji mkuu. Najua pia wanachotaka. Wanataka kujua ni nani yule mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, aliyezunguka maduka matatu ya kubeti mjini San Pedro asubuhi ya mechi yako, akaweka pesa nyingi kwamba mipira yako itapigwa na timu yako itafungwa. Wanaamini ulimtuma wewe. Usipoweza kuwaeleza, watakufungia maisha, na ile klabu ya Marekani iliyokuwa tayari kukusaini haitataka hata kulisikia jina lako. Umri wako ni miaka ishirini na moja, na kazi nyingine hujui.

Kabla sijaendelea, nataka nikueleze kazi yangu mimi, maana hujawahi kuniuliza.

Mwaka wa pili sasa nakaa nyuma ya nondo za duka la kubeti la Don Fremio, naandika mikeka ya watu. Don Fremio unamwona tu anavyojipepea na gazeti, lakini mzee yule hajawahi kubeti hata mara moja. Nilipomuuliza sababu alicheka, akasema muuza pombe akianza kunywa, duka linafungwa. Siku za mvua, watu wakiwa hawaji, alikuwa ananifundisha. Alisema wateja wanadhani mwenye duka anajua timu itakayoshinda. Hajui, wala hana haja ya kujua. Anachotaka yeye ni watu wagawanyike. Anayebeti anatoa peso mia na kumi ili apate mia juu yake. Mmoja akiweka huku na mwingine kule, aliyeshindwa anamlipa aliyeshinda, na zile kumi zinabaki kwenye mtoto wa meza. Watu wakirundikana upande mmoja, anaupandisha bei upande huo mpaka wengine waone ule wa pili una utamu. Kwa hiyo, akasema, anayepatia nusu ya mikeka yake asijidanganye kwamba kaenda sare, huyo anafilisika polepole. Ili usile hasara inabidi upatie hamsini na tatu katika kila mia. Akaongeza kwamba hizo tatu za juu zimewafanya wanaume wazima wauze milango ya nyumba zao.

Nikamuuliza, ina maana hakuna anayeshinda? Akasema wapo, ila wachache, na ukiwaona hutawadhania. Hawabeti timu ya moyo wao. Wanaweza kukaa wiki nzima bila kuweka kitu. Wakipoteza leo, kesho hawaongezi dau ili kurudisha ya jana. Na mkeka mrefu wa mechi nane hawaugusi, kwa sababu kila mechi unayoiongeza, mwenye duka anakata fungu lake tena. Wao wananunua bei, kama Mama alivyokuwa akinunua samaki: hakuuliza kama ni mtamu, aliuliza kama ana thamani ya pesa anayodaiwa. Tena, akasema Don Fremio, hata hao hushinda pale tu wanapojua kitu ambacho bei bado haijakijua.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoniponza mimi.

Nilinunua daftari. Kwa miezi saba niliandika bei ya asubuhi na bei ya mwisho, mvua, upepo, nani karusha juzi na nani kapumzika. Sikuweka hata senti, nilikuwa nabeti kwa kalamu. Unajua nilipatia ngapi? Hamsini na moja kwa mia! Mimi Nereida, niliyekuwa nashika namba moja kwenye hesabu mpaka mwalimu akachoka kunipa zawadi, nimelingana na walevi wa pale dukani wanaochagua timu kwa rangi ya jezi. Uchungu niliousikia naona haya kuusimulia. Pesa sikuzitaka sana. Nilitaka kupatia.

Halafu ikaja ile Jumapili, siku kumi kabla ya Krismasi, ulipokuja nyumbani. Baba alikuwa kwa jirani anacheza dhumna. Nilikupakulia supu ya muhogo na kuku, ukaila kwa mkono wa kulia. Wewe, ambaye tangu kuzaliwa hujui hata kushika mswaki kwa mkono huo! Nikakutazama, ukajua nimeona. Ukanivuta nyuma ya nyumba, pale kwenye tangi la maji, ukanionyesha kiwiko. Kilikuwa kimevimba, cha moto kama kikombe cha chai. Uliniambia watu wa klabu ya Marekani watakuwa uwanjani Alhamisi, ndiyo siku yako ya mwisho kuonekana kabla hawajarudi kwao. Ulisema kuna sindano, itakushikilia vipindi vitano, na vitano vinatosha. Nikakwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ukacheka, ukasema nisijifanye Mama. Kisha ukaniapisha kwa kaburi lake nisimwambie mtu, hata Baba. Nikaapa, nikakuchua kwa mafuta mpaka ukasinzia kwenye kiti.

Alhamisi saa nne asubuhi Baba alikuja dukani na pensheni yake ya Desemba, pamoja na ile nyongeza ya sikukuu. Alikuwa wa tatu kwenye foleni, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa anawatangazia watu kwamba bei waliyokupa ni ya bure, ni sawa na kuokota, na asiyembeti mwanawe leo asije kumlilia kesho. Wenzake wakamtania kwamba atakula ndizi mbichi mpaka Pasaka. Akawajibu kwamba yeye atakula nguruwe wa kuchoma, na mifupa atawapa wao. Akaweka zote juu yako. Mkeka wake niliuandika mimi kwa mkono wangu.

Kilichofuata unakijua. Hukumaliza kipindi cha pili, wameshakufunga mikimbio saba. Kesho yake Baba alisema tu kwamba hata wakubwa wana siku mbaya. Ila Jumamosi habari za yule mwanamke zilipofika, nilimwona akibadilika uso. Alikuja dukani akauchana mkeka wake mbele ya watu, akasema aliyeuza mchezo si damu yake. Nawe ulipokuja Jumapili kuchukua nguo, akakusemesha kupitia mlango uliofungwa. Nilikuwa jikoni, wali uko motoni. Nilikusikia ukigonga mara tatu. Sikutoka.

Sasa nimefika pale nilipokuwa naogopa kufika. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani ni mimi.

Alhamisi ile, jua halijachomoza vizuri, nilipanda pikipiki ya abiria mpaka San Pedro, na akiba yangu ya mabati ya paa nimeifunga kiunoni. Niliigawa kwenye maduka matatu ili bei isishtuke, kama nilivyofundishwa. Hakuna aliyekujua kama mimi siku ile. Bei ilisema Mashoto mzima, mimi nilikuwa nimekishika kiwiko. Saa nne nilikuwa nimerudi nyuma ya nondo zangu, na Baba amesimama mbele yangu. Ningeweza kumwambia, Baba, leo acha. Haki ya Mungu, niliwaza. Nikajiambia kwamba nimekuapia sitamwambia mtu. Yaani siri yako nilikuwa nimeshaiuza asubuhi, halafu kwa Baba ndipo nikakumbuka kiapo. Nikampa mkeka wake, nikamtakia bahati njema.

Na kuna jingine, ambalo hakuna kamati itakayoniuliza. Walipoanza kukupiga, mimi nikiwa karibu na redio, nilifurahi. Kwa dakika moja tu, Yoelvin, lakini nilifurahi. Nilikuwa nimepatia. Halafu nikamsikia mtangazaji anasema umeshika mkono wako, na tangu hapo sijafurahi tena. Zile pesa zipo kama nilivyopewa. Sijaweza hata kununua chumvi kwazo.

Gazeti liliandika kwamba kamati ilipokuuliza mara ya kwanza nani alijua habari zako kabla ya mechi, ulisema hakuna. Siri ya kiwiko ulimwambia mtu mmoja tu duniani, mimi. Haiwezekani kwamba hukujua ni nani. Umekubali kuitwa mwizi na mtaa mzima na kufungiwa mlango na baba yako, na jina langu hujalitaja. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wewe uliendelea kuivaa nguo hiyo. Mimi sistahili hata robo ya hayo.

Nataka kwenda Ijumaa nikaseme. Ila sikiliza, maana hapa ndipo panaponitesa. Nikisema ni mimi, wataniuliza nilijuaje. Nikisema nilijuaje, kiwiko kinatoka hadharani, na wale wa Marekani hawatachukua mkono wenye ugonjwa uliofichwa. Nikinyamaza, wanakufungia na jina linapotea. Nikisema, jina linarudi, ila mkataba huenda ukapotea vilevile. Mara ya kwanza nilikitumia kiwiko chako bila kukuomba. Safari hii nakuuliza: niseme, au nisiseme? Ukisema niende, kamati watanikuta mlangoni kabla hawajafungua, na wakiniitia polisi waniitie. Ukisema nikae, nitakaa, na huo utakuwa mzigo wangu.

Jumatano asubuhi

Jana niliishia hapo, sikuweza kuendelea. Jioni nilikwenda kwa Don Fremio nikamweleza yote. Hakufoka. Alininyooshea kiganja nimrudishie funguo, nikamrudishia.

Kisha leo, Baba alipokuwa anachemsha kahawa, nikamwambia na yeye. Nisamehe, nimekivunja kiapo chako kwa mara nyingine, lakini yeye ilimpasa kujua kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilijiandaa kupigwa. Nilijiandaa kufukuzwa, hata nguo nilikuwa nimeshazifunga. Hakuniuliza habari za pensheni yake. Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza kama mkono ulikuwa unakuuma pale ulipokuwa unarusha. Nikamwambia ulikuwa unakuuma hata kijiko ulishindwa kukishika. Kisha akaniuliza ni mkono upi, kana kwamba hajui.

Kahawa ikachemka ikamwagika, hakuiangalia. Baadaye akaniambia nimpigie pasi shati lake jeupe, na kwamba barua hii nisimpe dereva.

Kwa hiyo huyu aliyekuletea ni yeye. Nakuomba unisalimie Shangazi, mwambie miguu yake aipake mafuta ya moto na asisimame sana jikoni. Jibu langu mpe Baba arudi nalo, liwe lolote. Kunichukia nichukie, una haki, nami sitakuomba uharakishe kuacha.

Ila Baba usimwache mlangoni. Anapanda basi la saa mbili, na hajala. Amekuwa akijaribu maneno peke yake chumbani asubuhi yote, nimemsikia kupitia ukuta, na hajapata hata moja. Usingoje akuombe radhi, hajui jinsi ya kuomba. Atakaa tu hapo na kofia mapajani. Akikuomba kuutazama mkono wako, mpe.

Ni mimi dada yako,
Nereida